Jinsi nilivyoufikia mzizi wa neno "duka"

Nilipoanza kutafuta asili ya neno "duka", niliambiwa nisijisumbue, kwani ni neno la Kihindi lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa kuwa ulitolewa kwa uhakika mkubwa bila ushahidi wowote, nami nikaukumbatia kwa miezi kadhaa. Ni kweli kwamba Wahindi husema "dukan", lakini wao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi walilitoa katika Kiarabu.

Basi nikafungua kamusi ya Kiarabu. Kamusi hizo hupangwa kwa mizizi, yaani herufi za msingi za kila neno, nami nilidhani kwamba ile "u" ya "duka" ni herufi waw, nikapekua chini ya dal, waw na kaf kwa jioni tatu, pengine nne, bila kupata chochote kinachohusu biashara. Mzee mmoja aliyesoma sana chuoni ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia, "Mwanangu, litamke kama Mwarabu, usilitamke kama mtoto aliyetumwa sukari." Akalitamka mwenyewe, "dukkaan", kaf ikiwa na shada, yaani ikikazwa, na nuni, ile herufi ya "n", ikisikika mwishoni. Usiku huohuo nililipata, likiwa na maana mbili: benchi au mahali palipoinuliwa pa kukalia, na duka. Nilifurahi zaidi nilipogundua kwamba Kihispania nacho kina "adoquín", jiwe la kutandikia barabara, lililotokana na neno hilohilo.

Lakini nuni ilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapojivunia. Nilichukua karatasi nikaorodhesha maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika maneno ya Kiarabu yanayoishia na "-an": shetani, sultani, zamani, mizani, bustani. Yote yameongezewa irabu "i". Kwa kanuni hiyo, "dukkan" lilipaswa kuwa "dukani", na nilipoliandika chini ya orodha niliweka kalamu mezani, kwa sababu neno hilo tunalo na tunalitumia kila siku! Waswahili walisikia "dukani" sawa na nyumbani na sokoni, wakaichukulia "-ni" kuwa kiambishi cha mahali, wakaiondoa, na kilichobaki kikawa "duka", kisha "maduka". Ndivyo pia walivyoisikia "ki" ya kitabu kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata "vitabu". Anayetafuta asili ya neno asiishie kwenye umbo lake la pekee, bali alitazame pia likiwa na viambishi vyake.

Nilirudi kwa yule mzee nikamwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwa hiyo nikisema ninakwenda dukani, neno la Kiarabu nimelitaja zima, na nuni yake?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu, na nuni yake."