Nafasi ya sita katika tope la Parliament Hill

Kabla hatujatoka hemani, mzee mmoja wa klabu yetu ambaye amekimbia mbio za nyika tangu ujana wake alinikagua viatu, akaniagiza nifunge kamba kwa fundo mara mbili, kisha nizungushie utepe wa gundi juu yake, kwa kuwa tope la kilima cha Parliament Hill huvua viatu. Misumari niliyokuwa nimefunga chini ya viatu ili nisiteleze ilikuwa ya milimita 15, na bado alinitazama kwa wasiwasi.

Haya yalikuwa mashindano ya taifa ya Uingereza, kilomita 12 kwa wanaume, hapa London ninakoishi. Njia huwekewa kamba na bendera, na ipo sababu: mwaka 1876, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza katika msitu wa Epping, wakimbiaji wote walipotea njia na matokeo yakafutwa. Kwenye mstari wa kuanzia kila klabu hupewa kizimba chake chenye namba, na sisi tisa tulisimama humo mmoja nyuma ya mwenzake, tukiutazama mlima ambao watu zaidi ya elfu moja wangeupanda kwa pamoja.

Nilikua nikisikia redioni jina la John Ngugi, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989 na tena 1992, na nilijua kwamba timu ya wanaume ya Kenya ilishinda miaka 18 bila kukatizwa, hadi 2003. Nilichokuwa sikijui, mpaka nilipojiunga na klabu ugenini, ni jinsi ushindi wa timu unavyopatikana. Katika mashindano haya nafasi za watu sita wa kwanza wa kila klabu hujumlishwa, na klabu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Aliyemaliza wa 640 huongeza 640, aliyemaliza wa 12 huongeza 12, na kila mtu mmoja unayempita mlimani hupunguza alama moja katika jumla ya wenzako. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ndiyo inayoupa mchezo huu utu wake, kwani mtu wa katikati ya msururu hana ruhusa ya kujiona hayupo.

Mimi nilikuwa wa saba katika klabu yetu, nikimfuata wa sita kwa hatua kumi hivi. Bondeni, katika mzunguko wa mwisho, tope lilikuwa limekorogwa na maelfu ya miguu hadi likawa kama ugoro uliolowana, zito na jeusi, na kila hatua ilitoa mlio wa kufyonzwa kabla ya mguu kukubali kutoka. Hapo mwenzangu alisimama ghafla. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimebaki chini, naye akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko akikitafuta. Nilipunguza mwendo ili nimsaidie, lakini alinipigia kelele bila hata kuinua uso: "Nenda! Wewe ndiye wa sita sasa!"

Nilikwenda. Mapaja yalikuwa yakiwaka, fulana imenigandamana kifuani kwa baridi, na sikuwaza tena kilomita zilizosalia bali migongo iliyokuwa mbele yangu. Mmoja nilimpita penye mteremko, wa pili kwenye kona ambapo aliteleza, na wa tatu hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia.

Nilibaki hapo nikihema hadi mwenzangu alipofika, soksi ya kushoto imelemewa na tope na kiatu kikiwa mkononi. Hakuuliza muda wangu. Aliuliza nimewapita wangapi.

"Watatu," nikamjibu.

Akageuka kuelekea hema letu, akawainulia wenzetu vidole vitatu.