Siku moja maishani mwangu: maabara ya vinyama vya mifupa, Upanga

Saa 11 na nusu alfajiri huwa nimeshapanda basi la mwendokasi Kimara, hapa Dar es Salaam. Nashuka kituo cha Fire na kutembea hadi Upanga, kwenye maabara ninakoandaa vinyama vya wagonjwa ili daktari avisome kwa hadubini. Watu wakisikia maabara hufikiria damu na mkojo. Mimi kazi yangu ni nyama na mifupa, na sehemu yake ni kutunza sampuli za utafiti wa osteosakoma, saratani adimu ya mfupa inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi karibu na goti.

Saa 1 hadi saa 3 ni kupokea vikopo, kulinganisha majina na fomu na kubadilisha fomalini, dawa inayozuia nyama isioze.

Saa 3 naanza rafu ya mifupa. Mfupa haukatiki mpaka kalisi, madini yanayoufanya uwe mgumu, iondolewe, na namna ya kuiondoa ndiyo inayotusumbua: asidi ya fomiki hulainisha kipande kidogo kwa siku chache lakini huharibu vinasaba, ilhali EDTA, kemikali inayovuta kalisi polepole, huweza kuchukua wiki kadhaa, ila vinasaba husalimika. Kwa hiyo, mgonjwa au mzazi wake akiridhia kwa maandishi na kinyama kikitosha, kipande cha majibu huingia kwenye asidi na kipande cha utafiti kwenye EDTA. Kromosomu za osteosakoma huwa zimevunjikavunjika na kuungana ovyo, na jeni ya TP53, ambayo huzuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika, mara nyingi hukatika mahali ambapo kusoma herufi zake peke yake hakutoshi kuonyesha. Sampuli iliyoharibiwa na asidi haiwezi kutusaidia kuyaona hayo.

Siku ninayoisimulia nilichota asidi iliyotumika kwenye kipande cha kijana wa miaka 15, nikaongeza amonia, kisha okzaleti ya amonia. Kimiminika kilichafuka, kikawa cheupe, maana yake kalisi ilikuwa bado inatoka. Nikabadilisha asidi.

Sijanawa mikono, nikaitwa dirishani. Alikuwa mjomba wa kijana huyohuyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo siondoki bila majibu."

Alikuwa ametoka mkoani, amefikia kwa ndugu Mbagala, na fedha ya nauli ilikuwa inamwishia. Alisimulia kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabenchi kwamba kijana alianza kulalamika goti baada ya kucheza mpira, akakandwa kwa miezi, uvimbe ukazidi. Kisha akasema, "Kinyama chenyewe kama punje ya muhindi. Mnakifanyia nini siku zote hizi? Au mnangoja nitoe kitu?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa hakuna siku niliyowahi kupokea kitu cha mtu. Nilirudi ndani, nikaleta ile neli ya kioo, nikamwonyesha weupe wake na kumweleza kwamba huo ni mfupa unaoyeyuka polepole, na kwamba nikikata kabla ya wakati wembe utachana kinyama chote na kijana atalazimika kutobolewa tena. Alinisikiliza, ingawa hasira haikumtoka. Nikamweleza na la pili: fomu iliyotoka hospitali ya kwao ilikuwa na maneno mawili tu, "uvimbe gotini", bila eksrei, na daktari wetu hawezi kuweka saini bila kuiona picha, kwa sababu hata mfupa uliovunjika na kuanza kuunga unaweza kufanana na saratani hii chini ya hadubini.

Akachomoa bahasha ya kaki iliyokuwa kwapani muda wote. "Si hii? Niliambiwa niitunze, hakuna aliyeniuliza."

Niliinyanyua picha kwenye mwanga. Juu ya goti, ngozi ya mfupa ilikuwa imenyanyuliwa na kuacha ile alama ambayo madaktari huiita pembetatu ya Codman. Sikusema neno, kwa kuwa si nafasi yangu kutoa majibu. Nilimpelekea daktari, akaandika maelezo, nikamrudishia mzee picha yake.

Baada ya hapo saa zilipotea. Kukata vipande vya unene wa maikromita 4, yaani sehemu 4 tu za elfu za milimita, ni kusimama, kuinama na kushika pumzi, na kona moja ngumu ya mfupa ikibaki, unaanza upya. Mgongo uliwaka, na chakula cha mchana nilikila jua limeshageuka. Kazi hii naivumilia kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kabla ya miaka ya 1970 tiba ya osteosakoma ilikuwa kukata kiungo, na wengi walifariki kwa saratani iliyokwisha kuingia mapafuni. Dawa za methotreksati, doksorubisini na sisplatini zilibadili hali hiyo: mahali tiba inapokamilika, zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao saratani haijasambaa hupona. Lakini dawa hizo ndizo hizohizo kwa miongo kadhaa, na vijana ambao saratani imeshafika mapafuni bado tunawapoteza wengi. Kwa ajili yao ninakubali kuisubiri EDTA.

Jioni nilipima tena asidi ya kijana yule, ikabaki angavu. Nilikiosha kipande, nikakiingiza kwenye mashine ya usiku ili asubuhi kitiwe kwenye nta na mchana nikikate. Kisha nilimpigia mjomba simu, nikamwambia keshokutwa aende na kijana kwa daktari wake, na bahasha asiiache nyumbani.