Jinsi nilivyopanga kustaafu ualimu Wisconsin baada ya Sheria Namba 10

Nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya umma katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Gavana Scott Walker alipotia saini Sheria Namba 10 mnamo Machi 2011. Sheria hiyo iliviachia vyama vya walimu jambo moja tu la kujadiliana na mwajiri, nalo ni mshahara wa msingi, tena nyongeza yake isizidi mfumuko wa bei isipokuwa wapiga kura wa eneo waridhie. Wenzangu wengi waliamini kwamba pensheni yetu imefutwa. Nilitaka kujua hasa ni kipi kilichoguswa na kipi kilichosalia.

Mabadiliko yalijitokeza kwanza kwenye hati ya mshahara. Makato ya pensheni, ambayo mwaka 2012 yalikuwa asilimia 5.9, yakaanza kutoka mfukoni mwangu, ilhali zamani mwajiri ndiye aliyenilipia sehemu hiyo kwa makubaliano na chama. Ada ya chama nayo ikatoweka kwenye hati hiyohiyo, kwa kuwa mwajiri alikatazwa kuikata. Nikaanza kuilipa mwenyewe kupitia benki, maana kila mwaka chama kilitakiwa kuthibitishwa upya kwa kura za asilimia 51 ya wote kinaowawakilisha, na asiyepiga kura huhesabiwa sawa na aliyekataa. Naiona kanuni hiyo kuwa ya uonevu.

Kanuni ya kukokotoa pensheni yenyewe haikuguswa, kwa sababu imewekwa na sheria ya jimbo wala haikuwahi kuwa sehemu ya majadiliano ya chama. Kwa utumishi wa kuanzia mwaka 2000, kila mwaka wa kazi hukupa asilimia 1.6 ya wastani wa mshahara wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi, hivyo miaka 30 inakupa asilimia 48. Nilipoirudia hesabu hii nikiwa na taarifa ya mwaka ya michango yangu mbele yangu, ndipo nilipoliona pengo halisi: mshahara ukibanwa, wastani huo nao hubanwa, na pensheni hupungua kwa maisha yote yaliyobaki bila mtu yeyote kubadilisha kanuni.

Kilichonihangaisha zaidi ni bima ya afya. Katika wilaya yetu ya shule, mkataba wa hali bora ulimhakikishia mstaafu mchango wa bima mpaka afikie miaka 65, umri wa kuingia Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Mkataba ulipokwisha, ahadi hiyo ilihamishiwa kwenye mwongozo wa wafanyakazi, ambao bodi ya shule inaweza kuubadilisha kwa kura ya kikao kimoja, na ikafanya hivyo. Nilimwandikia afisa rasilimali watu nikaomba majibu kwa maandishi: siku zangu za ugonjwa ambazo sikuzitumia bado zinahesabika kulipia bima, na kwa kiwango gani? Barua ya majibu ninayo, kwa kuwa maneno ya mdomo hayakumsaidia yeyote pale mwongozo ulipobadilishwa. Kisha nikafungua akaunti ya akiba ya uzeeni ya 403(b), ambayo fedha zake nimezitenga kwa ajili ya bima peke yake.

Mwalimu anaweza kuanza kupokea pensheni akiwa na miaka 55, lakini kwa kupunguziwa. Mimi nimeamua kungoja miaka 57 nikiwa na utumishi wa miaka 30, kwa kuwa hapo hakuna punguzo, na miaka ya kujilipia bima inabaki minane badala ya kumi.

Vijana walioajiriwa kuanzia Julai 2011 nawaeleza jambo jingine: wao wanahitaji utumishi wa miaka mitano kabla ya kustahili pensheni, na anayeacha kazi akachukua fedha zake kabla ya miaka 55 hupewa michango yake pamoja na faida yake tu, huku sehemu ya mwajiri akiipoteza yote.