Alfajiri Tuliyotikisa Zinia

Mdogo wangu aliolewa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016, na maua ya harusi yake niliyaomba mwenyewe mbele ya kamati. Mjomba akauliza kwa nini tusinunue mawaridi, sisi tulio kaunti moja na Naivasha yenye mashamba ya mawaridi. Nikamwambia bibi harusi anataka zinia. Ilikuwa kweli. Likizo zetu zote za utotoni tulizimalizia kwa shangazi, Mamboleo, Kisumu, na boma lake lilizungukwa na zinia kuanzia langoni hadi nyuma ya jiko: nyekundu, za rangi ya chungwa, za zambarau, na zile za kijani kichanga ambazo mdogo wangu alikuwa akizichuma na kuzilaza ndani ya madaftari yake.

Shangazi alinitumia mbegu kwa mkono wa dereva wa matatu, ndani ya bahasha ya kaki. Juu yake aliandika kwa kalamu ya wino, "Siku 60." Hayo ndiyo niliyoyashika. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya harusi, nikaongeza siku 10 za akiba, nikapanda tarehe 11 Juni kwenye kishamba chetu cha Kiamunyi, Nakuru.

Sikuhesabu baridi. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na zinia ni mmea wa Meksiko, unataka jua kali na udongo uliopata joto. Kwa shangazi mbegu huchomoza siku ya nne. Kwangu zilichomoza siku ya tisa, nikiwa nimeshaanza kufukua kwa kidole kuona kama zimeoza. Halafu ukaja Julai, asubuhi za mawingu mazito hata mlima Menengai huuoni, na miche ikadumaa pale pale ilipo.

Zilipofika urefu wa shubiri moja, shangazi akanipigia simu. "Sasa zikate vichwa, mwanangu. Hesabu jozi tatu za majani, hapo juu kata." Nilizunguka kishamba mara mbili kabla sijathubutu. Lakini ndiyo njia yake: ukikata ncha, shina moja linatoa matawi manne au matano, na kila tawi lina ua lake na mkono mrefu wa kushikika. Gharama yake ni kwamba ua la kwanza linachelewa siku kadhaa. Hilo nalo sikulitia kwenye hesabu yangu.

Mwezi huo huo majani ya chini yakaanza kuota unga mweupe. Nilikuwa nikinyunyiza maji jioni, kutoka juu, kila siku bila kukosa. Ndugu yetu wa mwisho akanionyesha kwenye simu picha ya zinia iliyochanua angani Januari ya mwaka ule, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Na hizo zilikuwa zimeota ukungu kwa unyevu kuzidi, mpaka mwanaanga Scott Kelly akaomba aachiwe aamue mwenyewe lini zimwagiwe maji, kwa kuziangalia, si kwa ratiba iliyotoka duniani. Niliisoma habari hiyo kwa furaha kubwa. Nikaanza kumwagia shinani, asubuhi, pale tu udongo ulipokauka. Unga ukapungua. Lakini ile "Siku 60" niliendelea kuishika.

Ijumaa jioni, siku ya 69, nilikata. Mengi yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguka, petali bado zimebana katikati, lakini rangi zilikuwepo na siku ilikuwa imefika. Nikajaza mabeseni mawili na ndoo moja, kama maua 200, nikayapanga sakafuni chumba cha nyuma, nikaenda kusaidia kuchambua mchele.

Shangazi aliingia saa tatu usiku, amechoka na safari ya kupitia Kericho. Kabla hata ya kunywa chai akasema, "Nionyeshe maua." Nikafungua mlango. Zaidi ya nusu yalikuwa yameinamisha vichwa ukingoni mwa beseni. Mashina yamenyooka, maji yapo, lakini shingo chini ya ua imelegea na ua linatazama sakafu. Nilisimama pale nikalia. Alinyanyua moja, akaibonyeza shingo yake kwa kidole gumba, taratibu.

"Uliyatikisa?"

"Kuyatikisa vipi, shangazi?"

Hakunijibu. Aliniambia tu nimwamshe saa kumi na moja.

Tulitoka na tochi ya simu, kanga mabegani, umande ukitulowesha hadi magotini. Alishika shina shubiri moja chini ya ua, kwa vidole viwili, akalitikisa. Kichwa kikayumba huku na huku kama shingo ya kuku aliyechinjwa. "Hili bado. Shingo ni changa, haiwezi kupandisha maji. Ukilikata leo, halifunguki tena." Akashika jingine, akatikisa. Likatikisika lote pamoja, shina na ua, kama kijiti. "Hili limekomaa." Akanimulikia katikati yake: kitovu cha ua kimezungukwa na vinyota vidogo vya manjano. "Usiniulize siku ngapi. Liulize lenyewe."

Tulikwenda mstari kwa mstari mpaka kukapambazuka, yeye upande wake, mimi upande wangu. Kila lililosimama tulilikata kwa mshazari, tukakwanyua majani yote ambayo yangezama, tukalitia kwenye ndoo ya maji safi papo hapo. Yalifika 74. Tuliyaongeza kwenye yale ya jana yaliyokuwa bado wima, na jirani akatuletea majani ya mkaratusi ya kujazia. Yalitosha shada la bibi harusi, vyombo viwili vya madhabahuni na meza ya maharusi. Meza za wageni zilikaa bila maua, na hilo liliniuma siku nzima. Mdogo wangu alipopokea shada lake aligeuza ua moja la kijani kichanga, akamtazama shangazi, wakacheka wawili hao bila kusema neno.

Maua ya ile alfajiri yalisimama mezani kwa mama hadi Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa tukibadilisha maji kila siku ya pili.

Mstari wa mwisho shangazi alikataa usikatwe. Oktoba vichwa vyake vilipokuwa vya kahawia na vimekauka kabisa, nilivisugua juu ya sinia. Mbegu zilizochomoka chini ya petali zilikuwa bapa, na ncha kama ya mshale. Nikazitia kwenye bahasha ile ile ya kaki, nikakata "Siku 60" kwa mstari, nikampa dereva wa matatu ya Kisumu.