Jinsi nilivyokihamisha kisima kutoka mbugani hadi mguuni pa mlima

Kila mwenye sauti kijijini alitaka kisima kipya kichimbwe mbugani, karibu na manyata, na hoja yao haikuwa ya kijinga: kule chini maji yako karibu. Kisima cha zamani cha mbugani maji yake husimama mita 9 tu chini ya ardhi, ilhali kile cha shule, mguuni pa Mlima Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unateremka mita 14 ndipo uyapate. Nani aache ya karibu akachimbe ya mbali? Upande wa pili nilibaki peke yangu, tena mgeni: fundi wa pampu, mzaliwa wa Mbale, niliyekulia kambi ya polisi ambako Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumbani na ya ugomvi pia. Hapa Karamoja nakitumia na askari, na wenye maduka, na Waturkana wanaovuka mpaka kutoka Kenya na ng'ombe wao wakati wa kiangazi.

Kazi hii inanipa kitu ambacho wengi hawakipati, nacho ni kisima kilichofunguliwa. Pampu za mkono za aina ya U2 na U3 hufunika mdomo wa kisima, hivyo mtu anaweza kuteka maji hapo miaka kumi asijue yako umbali gani chini ya nyayo zake. Mimi nikishang'oa mabomba, kabla ya kurudisha, nateremsha kamba. Mwisho wake nimefunga kipande cha bomba kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini, kikigusa maji hulia "pwa!", nami nashika kamba hapo hapo na kuipima kwa futi kamba. Ila sipimi papo kwa papo. Maji yaliyovutwa mchana kutwa huwa yameshuka, kwa hiyo naomba kisima kilale wazi bila kutekwa, mlinzi akae nacho, nipime alfajiri. Wanawake hunilaani asubuhi hizo, na wana haki.

Lakini kina peke yake hakisemi lolote kuhusu maji yanakokwenda. Ardhi yenyewe ina mteremko, kwa hiyo lazima ujue kila mdomo wa kisima uko juu kiasi gani ukilinganishwa na mwenzake. Simu inaonyesha mwinuko, ndiyo, ila ukikaa pale pale dakika tano inakupa namba tofauti, na tofauti yenyewe ni ya mita kadhaa. Nikamwendea mpimaji aliyekuwa akifanya kazi kwenye barabara, ana levo ya miguu mitatu, chombo cha kupimia tofauti ya mwinuko, tukaelewana kwa mbuzi mmoja wa kuchoma. Tulitoka kisima hadi kisima na ile fimbo yenye namba, watoto wakitufuata.

Mdomo wa kisima cha shule ulikuwa mita 31 juu ya ule wa mbugani. Toa 14 kule, toa 9 huku, utaona maji ya shule yamesimama mita 26 juu kuliko ya mbugani. Maji ya chini hutoka palipoinuka kwenda palipoinama, hata yakipita polepole kiasi gani ndani ya mwamba. Ukiongeza kisima cha tatu ambacho hakiko kwenye mstari mmoja na hivyo viwili, unapata na mwelekeo: yetu yanatoka mlimani kuelekea magharibi, takriban sambamba na mto wa mchanga.

Kumbe hiyo ndiyo tabia ya nchi kame nyingi. Mbugani mvua hainyweshi ardhi kama tunavyodhani. Udongo wetu mweusi mvua za kwanza zinapopiga huwa na nyufa, maji kiasi huingia, halafu udongo unavimba na kujifunga. Kinachobaki ni madimbwi, na jua linayamaliza. Mlimani mvua ni nyingi zaidi, mwamba una nyufa, na mafuriko yakishuka yanakutana na kokoto na mchanga pale bonde linapofunguka. Hapo ndipo maji yanapozama. Nimeona mto ukishuka kwa kishindo saa tisa alasiri, na kilomita chache mbele kitanda chake kikavu. Siku zilizofuata kamba yangu ilionyesha kisima cha shule kimepanda. Cha mbugani hakikushtuka.

Na kwa nini mbugani maji yako karibu? Kwa sababu ndiko yanakoishia. Yanafika sehemu ya chini, yanasogea juu, miti yenye mizizi mirefu inayanywa, udongo unayavuta na jua linayachukua. Chumvi haichukuliwi. Ni kama sufuria ya maji iliyosahaulika jikoni: yanakauka, pembeni pamebaki weupe. Kipimo changu kidogo cha mkononi, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, namba inapanda), kilisoma chini ya mikrosimensi 600 kwa sentimita kwa maji ya shule, na zaidi ya 3,000 kwa ya mbugani, wakati kikomo cha Afrika Mashariki kwa maji ya asili ya kunywa ni 2,500. Tena miswaki imejaa pale, na mswaki ni mti unaostahimili chumvi. Mzee yeyote wa hapa angeniambia hivyo bila kipimo.

Jambo hili limechunguzwa sana Nevada na California, Marekani. Sakafu ya Death Valley, bonde la jangwa, mvua yake haifiki hata milimita 100 kwa mwaka, lakini jirani yake, Ash Meadows, chemchemi zinabubujika. Maji yake mengi yalianguka kama mvua na theluji milimani, miaka maelfu iliyopita, yakapita chini ya ardhi kupitia mawe ya chokaa yaliyopasuka. Sisi hatuna chokaa hiyo. Chini yetu kuna mwamba mkongwe, na maji hukaa kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye nyufa, hivyo visima viwili jirani vinaweza visijuane kabisa. Ndiyo maana sikuamini kamba peke yake. Nilitaka chumvi na mwendo wa msimu viseme kitu kimoja nayo.

Kikaoni sikupeleka namba. Nilimwomba mama mwenye hoteli pale senta apike chai birika mbili, moja kwa maji ya shule na nyingine ya mbugani, sukari sawasawa, bila kusema ipi ni ipi. Birika moja iliisha. Mchungaji mmoja Mturkana akacheka, akasema kwao mwaka 2013 walitangaziwa maji mengi sana chini ya Lotikipi, vipimo vilivyofuata vikakuta chumvi.

Mzee mmoja hakuridhika. "Fundi, unataka mabinti zetu wapande huko na jerikeni kichwani?"

"Hapana, mzee. Wao watakaa hapa hapa, maji yatawafuata."

Zile mita 31 zilikuwa na kazi ya pili: pampu ya jua inapandisha maji kwenye tangi pale pale mguuni pa mlima, kisha bomba linashuka lenyewe hadi manyata. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alisimama kwenye hilo, wilaya ikakubali, wapimaji wanaopitisha umeme ardhini kutafuta maji wakachagua sehemu yenye mwamba uliopasuka kando ya mto. Uchimbaji wenyewe ulikuwa vumbi na kelele, tulipata maji.

Ugomvi uliobaki ni wa bustani. Kuna wanaotaka pampu ya pili, wamwagilie vitunguu kiangazi chote. Niliwasimulia kesi ya Devils Hole, huko huko Nevada: pampu za shamba zilishusha maji ya shimo wanamoishi samaki wadogo wasiopatikana kwingine, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono amri ya kuziwekea kikomo. Kamati imeafiki jambo moja: mabomba ya kisima cha shule yakifunguliwa kabla ya mvua, na kamba ikaonyesha maji yameshuka kupita alama tuliyoweka mwaka wa kwanza, vitunguu vitasubiri. Wenye bustani wameweka sahihi. Alama yenyewe nimeichora kwenye saruji, kando ya namba ya DWD, idara ya maji ya serikali, ili fundi atakayekuja baada yangu aikute.