Kila kumi ikawa sita

Nilifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Walungu, huko Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, kuanzia mwaka 1966 hadi 2005, na miaka hiyo yote nilikuwa mke wa mkulima, kwa hiyo jembe nililishika kabla ya chaki: alfajiri nilikuwa kwenye maharage, na kengele ilipolia nilikuwa mbele ya darasa la sita, miguu ikiwa bado na udongo. Wajukuu wangu hapa Bukavu huniuliza mengi juu ya maisha hayo. Jambo ambalo mimi mwenyewe hulirudia ninapokosa usingizi ni lile la Desemba 1979.

Jumanne tarehe 25, jioni, tulisikia katika redio kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 (zaire ndiyo iliyokuwa pesa ya nchi yetu wakati ule) zimeondolewa, na kwamba kila mwenye nazo alikuwa na siku chache tu za kuzibadilisha benki. Mipaka nayo ikafungwa. Mume wangu aliinuka bila kusema neno, akaleta kopo la maziwa ya unga tulilokuwa tukilificha chini ya magunia. Ndani mlikuwa na zaire 580, bei ya ndama mmoja na ya maharage ya misimu miwili, pamoja na kidogo nilichoweka kando katika mshahara uliokuja kwa kuchelewa. Zilikuwa za mabati, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa bado ya nyasi na mvua ilivuja juu ya kitanda cha watoto.

Kijijini hapakuwa na benki. Ya karibu ilikuwa Bukavu. Kabla hatujalala, majirani walianza kubisha hodi. "Mama Mwalimu, wewe unajua kusema na watu wa ofisi," waliniambia, nami nikafungua daftari la mahudhurio kwenye ukurasa wa mwisho na kuandika jina la kila mmoja na kiasi chake, majina 17, jumla zaire 420. Wa mwisho alikuwa bibi mjane aliyeishi nyuma ya kisima. Alifungua fundo kwenye pindo la kikwembe chake, akatoa noti moja ya zaire 10, iliyokunjwa mara nyingi hata ikakaribia kukatika katikati. Hakuniuliza itarudi lini. Nilipoingiza noti ile katika bahasha, ndipo nilipouona uzito wa kazi niliyokubali.

Niliondoka usiku kwa miguu, nikapata lori Mugogo, na kufika Bukavu mchana. Kwenye foleni nilikaa siku mbili, mvua ikitunyeshea, na usiku nilikwenda kulala Kadutu kwa dada yangu, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni. Foleni ile ilikuwa na wakulima kutoka kila upande, wengine wakiwa wameficha pesa katika mitungi na magodoro, na nilishuhudia kwa macho yangu watu wa mjini wakipitishwa mlango wa nyuma. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu waliosimama mvuani ndio waliokuwa wameitolea jasho kila noti.

Nilipofika dirishani, kijana aliyekuwa akihudumu aliniambia kwamba noti mpya zilikuwa zikipungua na kwamba siku ile kila mtu angepewa zaire 600, basi. Nilimwonyesha orodha yangu. "Mama, kitambulisho kimoja ni mtu mmoja," alijibu, akahesabu zaire mia sita zangu, nikasukumwa pembeni na waliokuwa nyuma.

Nilikuwa na zaire 1,000. Zilizobaki hai zilikuwa 600. Usiku ule, kwenye taa ya mafuta ya dada yangu, nilifanya hesabu niliyokuwa nikiwafundisha watoto kila mwaka, ile ya kugawanya kwa uwiano: kila zaire 10 ikawa 6, ya jirani na ya kwetu vilevile. Dada yangu alinivunjia noti kwa zile za zaire 1 alizopata sokoni, kwani hizo hazikuguswa. Sitaficha kwamba kwanza nilitenga 580 zetu zote upande mmoja, nikazitazama kwa muda mrefu nikifikiria kitanda cha watoto, kisha nikazirudisha katika fungu. Kwa bibi mjane peke yake niliandika kumi kamili. Kwetu zikabaki 344.

Mume wangu alizihesabu mara mbili. Aliuliza tu, "Na yule bibi?" Nilimjibu, akasema, "Vema," akafunika kopo. Mabati tuliyanunua baadaye sana, moja moja.

Januari darasa la sita lilifika kwenye somo lilelile. Zoezi la kitabuni lilikuwa la mifuko ya saruji, nami nikaona afadhali niwape kitu walichokijua, nikaandika ubaoni 1,000 na chini yake 600. Kabla sijaandika swali, mvulana mmoja, ambaye baba yake alikuwa wa tisa katika orodha yangu, aliinua mkono.

"Mwalimu, kila kumi inakuwa sita."

Nilimwambia akae. Niligeukia ubao, nikasimama hapo na chaki mkononi mpaka sauti yangu iliporudi.