Nilivyolisugua Dirisha la Bafu kwa Msasa, na Aibu Iliyonipata Kabla ya Kufaulu

Bafu letu hapa Tanga liko uani, na dirisha lake limekaa mkabala na jiko la jirani, mama mtu mzima ambaye tangu alfajiri huwa ameketi hapo akikaanga maandazi. Kwa miaka mitatu dirisha hilo lilikuwa na kioo cha kawaida kilichozibwa kwa kipande cha kanga na misumari miwili. Kanga ilizuia macho, lakini ilizuia na mwanga, ikaota ukungu, na mtu akitaka kunyoa ndevu saa nne ya asubuhi ilimbidi awashe taa.

Nilihitaji kitu cha kupitisha nuru na kuzuia sura, basi. Nilipouliza, nilipata ushauri ambao hadi leo unaniudhi. Fundi mmoja aliniambia nikipake kioo rangi ya mafuta nyeupe. Nilipaka mara mbili, bafu likawa na giza kuliko wakati wa kanga, na baada ya wiki chache rangi ikaanza kubambuka kwa unyevu. Ndugu yangu akasema nibandike gazeti kwa uji wa ngano. Mende waliula uji huo pamoja na habari zote za michezo. Dukani kulikuwa na vioo vya maua, ila bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya kioo cha kawaida, nami nilikwisha kuapa kwamba sitanunua kioo kingine ilhali ninacho kimoja kizima.

Ndipo nilipoamua kukisugua mwenyewe. Nilinunua msasa wa maji, ule mweusi wanaoutumia wapiga rangi wa magari, kwa elfu moja na kitu, nikauzungushia kipande cha ubao, nikalaza kioo juu ya taulo kuukuu na kuanza kukisugua kwa mizunguko midogo, huku nikikinyunyizia maji ya sabuni. Msasa wa maji niliuchagua kwa sababu: unga wa kioo ukiruka mkavu utaingia kifuani. Nilisugua nusu saa, nikatazama, kioo kikawa kilekile, kinang'aa kama kilivyotoka dukani. Nikasugua tena kwa hasira, nikabadili msasa, nikafika saa nzima na robo, mabega yakiwaka moto, na bado niliyaona maua ya taulo chini yake bila shida yoyote. Nilikitupia macho ya chuki nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kioo kilikuwa kimekauka, na kimekuwa cheupe pepepe kama barafu. Nilijisifu mbele ya watoto kana kwamba nimevumbua kioo chenyewe. Kumbe hapo kilikuwa kimeniambia siri yake yote waziwazi, nami sikuisikia.

Nilikirudisha dirishani upande uliosuguliwa ukiwa ndani, kwa hoja niliyoiona ya busara sana: vumbi la nje lisinase kwenye mikwaruzo. Jioni ile niliingia kuoga nikiwa wa kwanza, kwa haki ya mvumbuzi. Niliwasha taa, nikajimwagia maji kwa kata bila kubania, nikawa naimba. Nilikuwa katikati ya povu niliposikia jirani akikohoa, kisha sauti yake ya upole: "Mwanangu, ama zima taa, ama toka uje utusalimie vizuri." Niligeuka. Kila mahali maji yalipokirukia kioo, weupe ulikuwa umetoweka, na kupitia hapo niliona karai la maandazi, moto wake, na mama wa watu akiwa amegeuza uso.

Asubuhi yake alituletea maandazi bila kulitaja jambo hilo, yakiwa yamefungwa katika gazeti. Mafuta yalikuwa yamelilowesha, na pale palipolowa nilisoma maandishi ya ukurasa wa pili kama yaliyochapwa upande wa kwanza. Hapo nikaelewa. Katikati ya nyuzi za karatasi mna hewa, na mwanga unapovuka kutoka nyuzi kwenda hewani na kurudi tena hutawanyika ovyo. Mafuta yakijaza nafasi hizo, mwanga hutawanyika kidogo tu na hupita kwa urahisi zaidi. Mikwaruzo ya kioo ni vivyo hivyo: maji yanaijaza, uso unakuwa kana kwamba ni laini tena. Hata utepe wa gundi wa kawaida, ule unaoonyesha, ukiubandika upande wenye mikwaruzo unafungua kidirisha cha kuchungulia. Nimejaribu, na ninawaonya wenye wapangaji watundu.

Nilikigeuza kioo, upande laini ukakaa ndani na wa mikwaruzo nje, ambako upenu mrefu unaukinga na mvua. Nyumba isiyo na upenu wa kutosha isiige. Hata hivyo usiku palibaki tatizo: taa ilikuwa ukuta wa nyuma, hivyo kivuli cha mwogaji kiliangukia dirishani, na kadiri alivyokisogelea kioo ndivyo umbo lilivyozidi kuonekana bayana. Fundi umeme alitaka kuniuzia pazia. Mimi nilimwambia aihamishie taa juu ya dirisha lenyewe, ili mwogaji asikae kati ya taa na kioo, na sasa kivuli kinaangukia ukuta wa vigae. Waya na kazi vilinigharimu pesa nyingi kuliko kioo cha maua nilichokikwepa, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha mara kwa mara.

Nilipopata ujasiri niliweka na bati moja la plastiki la kupitisha mwanga juu ya jiko letu. Yuko aliyenishauri niweke manne. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, kwa maana chini ya hilo moja tu joto la saa saba mchana linatosha kuchachusha unga, na jua limekwisha kulifanya la manjano.

Kioo kinadai uangalizi wa kitu kimoja tu, mafuta ya mikono. Majuzi nilikuta madoa matano madogo yanayoonyesha kwa nje, yamepangika kama vidole, kwenye kimo cha mjukuu wa jirani anayekula maandazi akiwa amesimama pale. Ninayaosha kwa sabuni kila Ijumaa.